Hina ya Bi Harusi na Kozi Iliyoachwa Ijumaa Usiku: Kisa cha Binti wa Lamu kwenye Viza ya J-1

Binti ni wa Langoni, Lamu. Alikuwa mwaka wa tatu katika chuo kikuu kimoja hapa Kenya alipochaguliwa kwenda kusoma mwaka mmoja Marekani chini ya mpango wa kubadilishana wanafunzi. Aliondoka mwezi wa Agosti. Chuo kinachompokea kiko Minnesota, viza yake ni J-1, ile ya watu wa mipango ya kubadilishana, na mwezi wa Mei anatakiwa awe amemaliza na kurudi kuendelea na digrii yake. Jina lake silitaji, wala la chuo chochote, na baadhi ya mambo ya nyumbani nimeyageuza. Mama yake ameridhia niandike, kwa sababu anawajua wazazi wengine wenye watoto waliokwenda kwa njia hiyo hiyo, na anajua maswali yao ni yale yale aliyokuwa nayo yeye.

Mimi ni mwalimu. Wanafunzi wanaotaka kuomba nafasi za nje huniletea fomu zao, na huyu nilikuwa naye tangu barua ya kwanza mpaka mahojiano ya ubalozini Gigiri. Kwa hiyo mama aliponipigia usiku mmoja wa Oktoba baada ya isha, nilikuwa najua karatasi zake zote zilivyo.

Mama hakupiga kuuliza habari ya kozi. Alitaka kujua habari ya hina. Binti yake ana mkono mzuri sana wa hina na piko, mkono alioupata kwa shangazi zake, na Minnesota kuna jamii kubwa ya Wasomali. Familia moja iliona maua aliyomchora mwenzake wa bweni, ikamwita amchore bi harusi, mikono na miguu, na wasichana wanne wa kumsindikiza. Wangempa dola 150. Mama alisema, "Mwalimu, hii si kazi, hii ni hina. Nimwambie aende?"

Nikamwomba anieleze kila kitu kilichotokea wiki ile, na ndipo mengine yakatoka. Kozi ya takwimu ilikuwa imemshinda, na Ijumaa usiku binti aliingia kwenye mfumo wa usajili wa chuo akaiacha. Alikuwa na kozi nne za krediti tatu tatu (krediti ndiyo kipimo cha uzito wa kozi), jumla 12. Sasa alibaki na tisa. Alikuwa pia amehama chumba, kutoka bweni kwenda nyumba ya kupanga na wenzake wawili. Na mjomba wake aliye Ohio alikuwa ameshapanga kumchukua likizo ya Desemba waende Toronto kwa jamaa.

Juu ya yote hayo, mjomba alikuwa amemtuliza: "Usiogope, viza yako haijaisha, tarehe bado iko mbali."

Hapo ndipo kisa chote kilipojengeka, na ni bora tupaanzie hapo kabla ya hina na takwimu. Ile stika ya viza iliyobandikwa kwenye pasipoti ni ruhusa ya kubisha hodi. Inamwezesha mtu kufika mpakani au uwanja wa ndege na kuomba kuingia. Akishaingia, stika imemaliza shughuli yake, na tarehe iliyoandikwa juu yake haisemi mtu akae mpaka lini. Anayesema hilo ni afisa wa uhamiaji anayempokea, na kumbukumbu yake inaitwa I-94, ambayo siku hizi mtu huitoa kwenye tovuti ya idara ya mipaka ya Marekani. Kwenye I-94 ya binti huyu hakuna tarehe. Kuna herufi D/S, maana yake atakaa kwa muda wote ambao hadhi yake ya mwanafunzi wa kubadilishana inaendelea kuwa hai. Hadhi hiyo inatokana na fomu DS-2019 aliyopewa na mpango uliompokea, na inaandikwa kwenye mfumo wa kompyuta wa serikali uitwao SEVIS, unaotumika tangu 2003. Ile ada ya dola 220 tuliyoilipa kabla ya mahojiano ilikuwa ya mfumo huo.

Kwa hiyo mtu anaweza kuwa na stika ya viza yenye miezi mingi mbele na hadhi yake imekufa. Na anaweza kuwa na stika iliyokwisha na akawa halali kabisa, maadamu hatoki nje ya nchi. Nimeona wazazi wakihifadhi nakala ya stika kana kwamba ndiyo hati ya nyumba, na DS-2019 hawajui hata iko wapi.

Mjomba si mtu mbaya na hakusema uongo kwa kukusudia. Yeye alikwenda kwa bahati nasibu ya grinikadi. Ana makaratasi, anafanya kazi popote, anahama nyumba atakavyo, na miaka yote hiyo hajawahi kuulizwa krediti. Ushauri wake ni wa kweli kwa mtu mwenye makaratasi kama yake. Taabu ya watoto wetu wakifika kule ni kwamba wanaowapenda zaidi, wanaowapokea, wanaowapikia wali na kuwapa makoti ya baridi, mara nyingi waliingia kwa mlango mwingine, na hawajui kwamba mlango wa mtoto una masharti yake.

Tuje kwenye kozi. Kanuni za J-1 zinamtaka mwanafunzi awe anasoma kikamilifu, na kwa vyuo vingi vya Marekani kusoma kikamilifu kwa digrii ya kwanza ni krediti 12 kwa muhula. Kushuka chini yake si haramu moja kwa moja. Kuna sababu zinazokubalika: ugonjwa, sababu ya kweli ya kitaaluma, muhula wa mwisho wenye kozi chache zilizobaki. Lakini ruhusa inatangulia. Mwanafunzi anakwenda kwa mshauri wake wa masomo na kwa afisa wa mpango, yule aliyeidhinishwa na Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani kutia saini DS-2019, anaeleza, wanakubali au wanakataa, na wakikubali inaandikwa. Kisha ndipo anaiacha kozi.

Binti aliyefanya hivyo na binti aliyebonyeza kitufe Ijumaa usiku wote wana krediti tisa. Wa kwanza yuko halali. Wa pili, kanuni inamhesabu kuwa amekiuka sharti la msingi, na afisa wa chuo hana mamlaka ya kumrekebisha peke yake kama anavyoweza kurekebisha kosa dogo, mfano kuchelewa kwa bahati mbaya kuongeza muda wa DS-2019. Inabidi maombi ya kurejeshewa hadhi yaende Washington, kwenye wizara yenyewe, na wizara inaweza kukataa. Takwimu ni zile zile, ugumu wa somo ni ule ule, lakini aliyeuliza kwanza na aliyeuliza baadaye wako pande mbili za sheria.

Na mfumo wa usajili hauonyi. Hili limenikera tangu siku ile na bado linanikera. Binti alinitumia picha ya skrini: kulikuwa na orodha ya kozi zake, kisanduku kidogo cha kuchagua kando ya takwimu, na chini yake swali moja, una hakika unataka kuiacha kozi hii? Hakuna neno la viza. Mwenzake Mmarekani anaulizwa swali hilo hilo, na kwake lina maana ya alama na ada tu. Kompyuta haimjui nani ni nani.

Kilichomwokoa ni kalenda. Chuo chake kina kozi za nusu muhula, zinazoanza katikati na kwenda mbio mpaka Desemba, na dirisha la kujiandikisha lilikuwa bado wazi. Nilimwambia mama asimwambie binti atafute kozi mwenyewe usiku ule na kujifunika kimya kimya. Nilitaka afisa ajue kwanza. Kozi ya kuziba pengo ikiandikwa kabla ya afisa kujua, pengo bado linaonekana kwenye rekodi, na linaonekana kama kitu kilichofichwa. Mama hakulipenda hili. Kwake kwenda ofisini kusema "nimeacha kozi" kulikuwa kama kujipeleka polisi. Bibi yake naye akasikika nyuma ya simu: "Yeo akirudishwa, watu watasema nini?"

Niliwajibu kwamba afisa wa mpango si polisi. Ni mtu wa chuo. Ni kweli ana wajibu wa kuripoti, na mtoto asidanganywe kwamba lolote atakalosema litabaki siri kati yao. Lakini ndiye mtu pekee katika mji ule mwenye uwezo wa kuandika "nimekubali" pale inapotakiwa kuandikwa. Ukimkimbia yeye, umebaki na watu wanaokupenda wasio na kalamu.

Jumatatu asubuhi ya huko binti alipeleka barua pepe fupi. Tuliiandika pamoja kwa simu, na nilisisitiza isiwe na hadithi ndefu. Aliandika kwamba Ijumaa aliiacha kozi ya takwimu, kwamba sasa ana krediti tisa, kwamba anafahamu anatakiwa kuwa na 12, kwamba anaomba miadi na afisa pamoja na mshauri wake wa masomo siku hiyo au inayofuata, na kwamba hatafanya badiliko lolote jingine kabla ya kuonana nao. Hiyo sentensi ya mwisho ndiyo niliyoitaka zaidi. Walimwita siku hiyo hiyo. Mshauri alimpata kozi ya krediti tatu ya nusu ya pili ya muhula inayohusiana na masomo yake, afisa akaandika maelezo kwenye faili, na krediti zikarudi 12 kabla ya muhula kufungwa. Takwimu atazisoma Lamu likizo, kwa utaratibu, na nimemwahidi kumsaidia.

Sasa hina, na hapa ndipo tulipobishana sana, mama na mimi, na baba yake akaingia, na shangazi pia.

Hoja ya kwanza ilikuwa kwamba hina si kazi. Kwetu mchoraji wa hina huitwa, hukaa na wanawake usiku kucha, hula nao, na anachopewa huwekwa mkononi bila kuhesabiwa mbele za watu. Naelewa hisia hiyo na naiheshimu. Lakini sheria ya Marekani inaangalia kama mtu ametoa huduma na akapata malipo kwa ajili yake. Dola 150 zilizotajwa kabla, kwa bi harusi na wasichana wanne, kwa siku na saa iliyopangwa, ni bei. Angekuwa amemchora mwenzake wa bweni mkono kwa mapenzi, na mwenzake akamnunulia chakula cha mchana, nisingepiga kelele. Hii haikuwa hiyo.

Hoja ya pili ilikuwa ya baba, na ni ya mtu mwerevu. Alisema familia ile iitume pesa kwa M-Pesa ya mama hapa Lamu kupitia jamaa yao wa Nairobi. Binti hatagusa hata senti kule, na benki ya Marekani haitaona chochote. Nilimwambia wazi kwamba kazi inahesabiwa pale mikono inapofanya, haihesabiwi pale pesa inapotua. Mikono ya binti itakuwa Minnesota. Na kuizungusha pesa namna ile kungegeuza kutojua kuwa kujua. Mtu aliyekosea kwa kutoelewa anaweza kusikilizwa, lakini aliyepanga njia ya kificho atasema nini?

Ukali wangu ulikuwa na sababu. Katika kanuni za J-1 kuna makosa ambayo hayana mlango wa kurudi. Mwanafunzi aliyefanya kazi bila idhini hawezi kuomba kurejeshewa hadhi. Aliyeacha bima ya afya kwa makusudi, hali kadhalika. Krediti tisa zingeweza kuombewa huko Washington, hata kwa shida. Bi harusi mmoja angeifunga njia hiyo yote. Kwa macho ya Lamu mizani hii imekaa kinyume: kuacha masomo ndilo jambo zito, na kupaka hina ni jambo jepesi. Karatasi zinasema vingine, na mtoto anaishi kwa karatasi.

Mwanafunzi wa J-1 hazuiwi kufanya kazi moja kwa moja. Anaweza kufanya kazi ndani ya kampasi, au kazi iliyo sehemu ya udhamini wake wa masomo. Ipo pia njia ya kazi nje ya kampasi kwa aliyepatwa na dhiki ya pesa ya ghafla na ya kweli, isiyotarajiwa, iliyotokea baada ya kuingia. Wakati wa masomo haizidi saa 20 kwa wiki. Na katika zote afisa anakubali kabla, kwa maandishi, kwa muda usiozidi miezi 12. Hata kuuza vitabu kwenye duka la chuo kile kile anachosoma, bila barua hiyo, ni kazi isiyo na idhini. Wengi huteleza hapa, maana wameambiwa "kampasi inaruhusiwa" na wakadhani neno hilo linatosha.

Shangazi ndiye aliyemaliza ubishi, na sikutarajia. Alisema yeye mwenyewe atampigia mama wa bi harusi, mwanamke kwa mwanamke, amweleze kwamba mtoto amefungwa na masharti ya masomo. Akampigia kweli. Mama yule alielewa mara moja, akapata mchoraji mwingine mwenye makaratasi, na binti akaalikwa kama mgeni. Alikwenda, akala, hakushika koni.

Hayo mengine mawili yalikuwa rahisi, ila yalihitaji haraka. Anwani mpya inatakiwa kupelekwa kwa afisa ndani ya siku 10, naye anaiingiza kwenye SEVIS. Alikuwa bado yuko ndani ya muda, akaipeleka siku ile ile ya miadi. Bima tuliikagua kwa sababu mwenzake mmoja wa nyumba alikuwa amemshauri ahamie ya bei nafuu aliyoiona mtandaoni. Kanuni zinataka bima isiyopungua dola 100,000 kwa kila ajali au ugonjwa, dola 50,000 za kumsafirisha mgonjwa kurudi kwao, dola 25,000 za kusafirisha maiti, na kiasi anachoanza kulipa mgonjwa mwenyewe kisizidi dola 500. Ile ya nafuu haikufika. Alibaki na ya chuo.

Kuhusu Toronto, binti alikuwa tayari kwenda na pasipoti tu. DS-2019 ina sehemu ya chini, upande wa kulia, yenye nafasi za saini ya afisa kwa ajili ya safari. Anayetoka nje ya Marekani na kutaka kurudi anahitaji saini hiyo, na kwa wanafunzi wa J-1 hudumu hadi mwaka mmoja. Yake haikuwa na saini hata moja. Na Kanada ni nchi nyingine yenye masharti yake ya kuingia kwa mwenye pasipoti ya Kenya, jambo ambalo mjomba, kwa pasipoti aliyo nayo sasa, hakulifikiria. Binti aliamua Desemba aende Ohio tu. Saini aliiomba vilevile, maana mtu hajui lini atapigiwa simu ya msiba.

Mwezi wa Novemba aliomba kazi maktabani, saa chache kwa wiki. Safari hii alimwandikia afisa kabla hata ya kwenda kwenye usaili, na barua ya idhini ikatangulia siku ya kwanza ya kazi. Alinitumia picha yake. Ina tarehe ya kuanza, tarehe ya kumalizia na idadi ya saa. Nilimwambia aitunze pamoja na DS-2019.

Lililobaki sasa ni Mei. Programu ikimalizika, kanuni zinampa siku 30 za kufunga virago na kutembea ndani ya Marekani. Katika siku hizo haruhusiwi kusoma wala kufanya kazi, hata ile ya maktabani, na akitoka nje hata kwa siku moja hawezi kurudi kwa hadhi ile. Mjomba ameshaanza kusema abaki mpaka Julai, kuna harusi Ohio, na stika ya viza bado ina miezi. Mara hii binti mwenyewe ndiye aliyemjibu, kabla sijaulizwa. Mama amekubali tiketi inunuliwe ndani ya zile siku 30, na harusi ataitazama kwa simu, akiwa Langoni.